Pumzi ya injini ya lori: Hatari ya kugeuza njia yake bila kupima

WAMILIKI wengi wa malori ya dizeli wanaifahamu fika kero ya kufungua paipu za turbo na kukuta zimelowa oili. Paipu hizo zinafaa kupitisha hewa tupu, lakini ndani yake hupatikana utelezi mweusi, mipira ya viungo ikiwa imelainika na kipoza hewa kikiwa kimejaa ute.

Aghalabu lawama ya kwanza huelekezwa kwa turbo. Hata hivyo, mara nyingi oili hiyo haitoki kwenye turbo yenyewe, bali huletwa na paipu nyingine inayotoka juu ya injini na kuingia kwenye mdomo wa turbo. Hiyo ndiyo njia ya kupumulia ya injini.

Dawa ambayo imeenea miongoni mwa mafundi katika nchi nyingi ni kuichomoa paipu hiyo, kuliziba tundu la turbo na kuielekeza pumzi chini ya gari ili itokee barabarani. Kazi yenyewe huchukua saa chache na gharama yake si kubwa.

Swali ambalo mwenye gari anafaa kujiuliza kabla ya kumpa fundi idhini ni iwapo hatua hiyo inaiponya injini au inauficha tu ugonjwa wake.

Pumzi hutoka wapi?

Kila injini ya dizeli huvuja kwa ndani, hata ikiwa mpya. Pistoni inapopanda huibana hewa ndani ya silinda hadi ibaki na nafasi ndogo sana. Katika injini nyingi za malori, hewa hubanwa zaidi ya mara 15. Dizeli inaponyunyizwa na kushika moto, presha hupanda maradufu na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu.

Kinachozuia moto huo usipenye pembeni mwa pistoni ni ringi. Lakini ringi haiwezi kuziba kabisa kwa kuwa ncha zake mbili huachiwa mwanya mdogo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kikipata joto. Hivyo basi, kila silinda inapowaka, gesi kidogo huponyoka na kushuka hadi kwenye tumbo la injini, yaani sehemu ya chini ambamo mna krankishafti na sampu ya oili.

Gesi hiyo si hewa safi. Ina moshi, masizi, mvuke wa maji, dizeli ambayo haikuungua na chembechembe za asidi zinazotokana na salfa. Ikifika chini hukutana na oili inayorushwa huku na huko na krankishafti, nayo huibeba kwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho ila kama ukungu.

Iwapo gesi hiyo itakosa pa kutokea, presha itapanda ndani ya tumbo la injini. Sili za krankishafti zitaanza kuvuja, gasketi zitasukumwa nje na hata kijiti cha kupimia oili kinaweza kuruka kutoka mahali pake.

Isitoshe, oili inayolainisha turbo hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, bila kusukumwa na pampu. Presha ikiwa juu kule chini, oili hiyo hushindwa kuteremka, hujaa ndani ya turbo na kuvuja kupitia sili zake. Mwenye gari akinunua turbo mpya bila kuchunguza presha hiyo, nayo itavuja vivyo hivyo.

Bomba wazi na mfumo uliofungwa

Zamani jambo hili halikuwasumbua watengenezaji. Injini iliwekewa bomba lililoelekea chini, nayo pumzi ikatokea barabarani. Njia za magari na maegesho ya enzi hizo yalijulikana kwa mstari mweusi wa oili uliokuwa katikati.

Mambo yalianza kubadilika katika jimbo la California, nchini Marekani, mapema katika miaka ya 1960 baada ya kubainika kuwa sehemu kubwa ya mvuke wa petroli uliochafua hewa haukutoka kwenye bomba la moshi bali kwenye bomba hilo la kupumulia. Magari mapya ya petroli yakaanza kuwekewa mfumo wa kuirudisha pumzi ndani ya injini ili iungue upya.

Malori ya dizeli yenye turbo yaliachwa nje ya sharti hilo kwa miaka mingi. Sababu iliyotolewa ni ile ile ambayo wenye malori huilalamikia hadi leo: kwamba ukungu wa oili ungechafua turbo na kipoza hewa. Serikali ya Marekani iliondoa msamaha huo kwa injini kubwa za barabarani kuanzia modeli za 2007. Tangu hapo, mtengenezaji ana hiari ya kuifunga pumzi au kuipima na kuijumlisha pamoja na moshi wa kawaida katika kiwango anachoruhusiwa.

Kwa hivyo, malalamishi ya wenye magari si ya kubuni. Mfumo uliofungwa huilinda hewa ya nje, lakini huutwika mzigo wa uchafu njia ya hewa ya injini.

Mfano wa Duramax

Mfano unaofahamika vyema ni ule wa injini ya Duramax ya lita 6.6 yenye silinda nane. Iliingia sokoni Marekani ikiwa ndani ya pikapu kubwa za Chevrolet na GMC za modeli ya 2001, na iliundwa katika mji wa Moraine, jimbo la Ohio, na kampuni iliyoanzishwa kwa ubia wa General Motors na Isuzu ya Japani.

Jina la Isuzu si geni kwa Wakenya. Malori yake yamejaa katika barabara za humu nchini, na kampuni iliyokuwa ikiitwa General Motors East Africa jijini Nairobi ilibadilisha jina na kuwa Isuzu East Africa mnamo 2017.

Katika Duramax za miaka ya kwanza, pumzi hutoka kwenye vifuniko vya vali juu ya injini na kuelekezwa kwenye mdomo wa turbo, mahali ambapo hewa iliyokwisha kuchujwa huingia. Turbo huivuta hewa hiyo pamoja na ukungu wa oili, huibana na kuisukuma hadi kwenye kipoza hewa, kisha kwenye silinda.

Wenye pikapu hizo walianza kuona matokeo yake. Mipira inayounganisha paipu ililowa oili, ikalainika na kuteleza. Gari lilipopanda mlima likiwa na mzigo, mpira ulichomoka kwa presha ya turbo na injini ikapoteza nguvu papo hapo. Kwa modeli zinazorudisha sehemu ya moshi kwenye silinda ili kupunguza uchafuzi, masizi ya moshi huo yalikutana na oili na kufanya tope zito lililoganda kwenye njia ya hewa.

Wengi wao waliamua kuigeuza njia ya pumzi. Vifaa vya kazi hiyo, yaani kizibo, paipu na klipu, vilianza kuuzwa vikiwa vimefungwa pamoja kama seti.

Namna kazi inavyofanywa

Kimsingi, kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, paipu inayoingia kwenye mdomo wa turbo huchomolewa. Pili, tundu lililobaki huzibwa. Tatu, paipu mpya huunganishwa na kupitishwa kando ya injini hadi chini ya fremu ya gari.

Hatua ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, ijapokuwa huonekana ndogo. Tundu hilo liko baada ya kichujio cha hewa. Kizibo kikilegea, turbo itavuta hewa ya nje ambayo haijachujwa. Vumbi hukwaruza mapanga ya turbo, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kisha hushuka kwenye silinda na kusaga ringi kama msasa. Katika barabara za vumbi, injini nzima inaweza kulika kwa muda mfupi kwa sababu ya kizibo cha bei rahisi.

Paipu yenyewe haifai kuwa nyembamba kuliko ile ya mwanzo, kwani ikibana itapandisha presha. Inapaswa kuteremka moja kwa moja bila kujikunja wala kuwa na bonde, maadamu maji na oili hukusanyika bondeni na kuziba njia. Aidha, mpira wa kawaida wa kupitishia maji ya rejeta haufai kwa kuwa oili huuvimbisha na kuuozesha. Mpira unaohitajika ni ule uliotengenezwa kustahimili oili.

Ncha ya paipu nayo haifai kuelekezwa karibu na bomba la moshi, ambalo lina joto la kuweza kuwasha oili, wala karibu na breki, mikanda au feni. Vilevile haifai kuwa chini mno ikaguswa na tope au maji ya mtoni.

Kosa lisilosameheka ni kuiziba njia ya pumzi yenyewe kwa kudhani kuwa oili itakoma kutoka. Oili itatoka tu, safari hii kupitia kwenye sili za krankishafti.

Faida na hasara

Faida ya kugeuza njia ni dhahiri. Paipu za turbo hubaki kavu, kipoza hewa hufanya kazi yake bila kufunikwa na ute, na mipira hudumu.

Kuna faida nyingine ambayo huhusu usalama. Injini ya dizeli haihitaji cheche ili iwake, na oili ikiingia kwenye silinda huungua kama dizeli. Iwapo sampu imejazwa oili kupita kiasi, au ringi zimekwisha, oili nyingi inaweza kuvutwa kupitia njia ya pumzi na injini ikaanza kujiendesha yenyewe. Mwendo huzidi kupanda, na kuzima ufunguo hakusaidii kwani chakula cha injini wakati huo si dizeli ya pampu bali ni oili yake yenyewe.

Njia ya kuizima ni kuinyima hewa kwa kuuziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao mgumu, na kamwe si kwa mkono, au kunyunyiza humo kizima-moto cha gesi ya kaboni dioksidi. Gari la gia za mkono linaweza kuzimwa kwa kutia gia ya juu kabisa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuiachia klachi. Dereva akichelewa, injini huweza kupasuka.

Pumzi inapoelekezwa nje, hatari ya oili kuvutwa kupitia njia hiyo hupungua. Hata hivyo, oili inaweza bado kuingia kupitia sili za turbo zilizokwisha.

Kwa upande mwingine, hasara ni nyingi. Gesi iliyokuwa ikiungua tena sasa hutoka chini ya gari. Lori likisimama kwenye msongamano, harufu yake huingia ndani ya kibanda cha dereva na kumfikia kila aliye karibu. Mnamo Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na gesi inayotoka kwenye tumbo la injini ina moshi huo huo.

Uchunguzi uliofanywa katika mabasi ya shule nchini Marekani katika miaka ya 2000 ulionyesha kuwa pumzi ya injini ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya chembechembe zilizoingia ndani ya mabasi walimoketi watoto. Bomba la moshi lilikuwa nyuma kabisa, ilhali njia ya pumzi ilikuwa mbele, karibu na mlango.

Oili inayodondoka barabarani pia ni mtego. Mvua ya kwanza ikinyesha, oili huelea juu ya lami na kuwa utelezi unaoweza kumwangusha mwendeshaji wa bodaboda.

Katika maeneo ya baridi kali kama vile Canada na kaskazini mwa Marekani, mvuke wa maji huganda kwenye ncha ya paipu iliyo wazi na kuiziba kwa barafu. Presha hupanda na kung'oa sili ya nyuma ya krankishafti. Hapa nchini hakuna barafu ya aina hiyo barabarani, lakini tope lililokauka au kiota cha nyigu kwenye paipu ya lori lililoegeshwa kwa wiki kadhaa kinaweza kuleta madhara yaya haya.

Pima kabla ya kukata

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba pumzi ya injini ni kipimo cha afya yake. Ute mwembamba wa oili ndani ya paipu za turbo ni wa kawaida na hauhitaji tiba yoyote. Oili inayochuruzika ikikusanyika ndiyo dalili, na dalili hiyo ina chanzo.

Kipimo cha haraka hufanywa injini ikiwa imepata joto na ikinguruma polepole. Fundi hukifungua kifuniko cha kumiminia oili na kutazama. Moshi mwepesi unaopanda taratibu si wa kutisha. Moshi ukisukumwa nje kwa mapigo, au kifuniko kikiwekwa juu ya tundu bila kufungwa kikarushwa, kuna gesi nyingi kupita kiasi.

Kipimo cha uhakika zaidi hutumia mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji nusu. Upande mmoja huunganishwa na tundu la kijiti cha oili na mwingine huachwa wazi. Tofauti ya kimo cha maji kwa sentimita ndiyo presha ya tumbo la injini, ambayo hulinganishwa na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Maji yakitofautiana kwa sentimita 10, presha imefika takriban kilopaskali moja.

Mwenye gari mwenye busara huandika kipimo hicho kila anapofanyiwa huduma. Kipimo kinachopanda kutoka mwezi hadi mwezi hutoa habari mapema kuliko moshi au mlio wa injini.

Presha ikipatikana kuwa juu, si lazima ringi ziwe zimekwisha. Huenda njia ya pumzi imeziba kwa masizi, au kichujio chake hakijabadilishwa. Huenda sili za turbo zimelegea na kuruhusu hewa iliyobanwa kuteremka hadi kwenye sampu. Katika malori yenye breki za upepo, kompresa iliyochakaa nayo huweza kupuliza hewa ndani ya tumbo la injini. Fundi akiitenga kompresa na kurudia kipimo, atajua kama ndiyo yenye makosa.

Mtu anayegeuza njia ya pumzi bila vipimo hivi huitupa ishara hiyo barabarani. Paipu za turbo zitakauka naye atafurahi, kumbe ringi zinaendelea kulika na oili inapungua bila yeye kujua inakokwenda.

Njia ya katikati

Kati ya kuuacha mfumo ulivyo na kuutoboa nje, kuna njia ya tatu. Kifaa cha kutenganisha oili na gesi huwekwa katikati ya paipu. Ndani yake mna kichujio cha nyuzi ambacho huyakusanya matone madogo hadi yawe mazito na kuteremka, kisha gesi iliyosafishwa huendelea hadi kwenye turbo kama kawaida. Injini nyingi za malori ya kisasa hutoka kiwandani zikiwa na kifaa cha aina hiyo.

Wengine hutumia mkebe wa kunasa oili. Mkebe huo lazima umwagwe kila gari linapohudumiwa, kwani ukijaa, turbo inaweza kuivuta oili yote kwa mpigo na kuleta balaa lile lile lililokusudiwa kuepukwa. Kinachopatikana ndani yake ni mchanganyiko wa oili, maji na asidi, na hakifai kurudishwa kwenye injini wala kumwagwa ardhini.

Kichujio nacho hubadilishwa kwa wakati. Kikiziba, ni sawa na kuufunga mdomo wa injini.

Sheria na barabara za Kenya

Nchini Marekani, kuondoa au kubatilisha kifaa cha kuzuia uchafuzi kwenye gari ni kosa chini ya sheria ya hewa safi, na kuigeuza pumzi kwenye injini iliyoundwa na mfumo uliofungwa huhesabiwa hivyo.

Hapa Kenya, Kanuni za Ubora wa Hewa zilizo chini ya sheria ya mazingira zinahusu pia moshi wa magari, na malori ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Lori linalodondosha oili haliwezi kumpendeza mkaguzi.

Safari zenyewe hupima uwezo wa injini. Lori linalotoka Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hupanda hadi takriban mita 1,700 kabla ya kufika Nairobi, kisha hupanda zaidi likielekea Mau na Timboroa. Mzigo mzito kwenye mlima mrefu huongeza presha ndani ya silinda, na gesi inayoponyoka huongezeka pia. Injini ambayo pumzi yake ni ya wastani ikiwa gereji inaweza kuhema vibaya ikiwa mlimani.

Dizeli inayouzwa nchini iliboreshwa kuanzia Januari 2015, wakati kiwango cha salfa kilipopunguzwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hivyo asidi inayoingia kwenye oili ikapungua. Lakini hakuna dizeli inayoweza kufidia oili isiyobadilishwa kwa wakati au kichujio cha hewa kilichotoboka.

Kwa mwenye lori kuukuu ambalo liliundwa na bomba wazi tangu mwanzo, jukumu ni kuhakikisha bomba hilo halijaziba na kupima presha mara kwa mara. Kwa mwenye lori la mfumo uliofungwa, hatua ya kwanza ni kupima, ya pili ni kusafisha au kubadilisha kichujio, na ya tatu ni kukirekebisha chanzo. Kukata paipu hakumo katika orodha hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Injini iliyoanza kuhema huwa imemwita mwenyewe mapema, angali na uwezo wa kununua ringi badala ya injini nzima.